Gari linavuja oili au kupoteza maji? Kagua sili na vifuniko vidogo kabla hujakubali kushusha injini

Doa jeusi chini ya gari kila asubuhi. Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye foleni. Maji ya rejeta yanayopungua kila wiki na huoni yanakoenda. Kwa mwenye gari la miaka 15 au 20 hizi ni dalili za kila siku, na mara nyingi jibu la kwanza linalotoka gereji ni zito: hedi imekufa, ringi zimekwisha, tushushe injini tuone.

Kuna siku jibu hilo ni la kweli. Lakini mara nyingi tatizo ni kipande cha mpira ambacho kingeenea kwenye kiganja cha mkono: gasketi ya tapeti kava, oringi, raba ya kifuniko cha oili, au kifuniko cha rejeta ambacho springi yake imechoka. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na vingine unaweza kuvibadili mwenyewe ukiwa na spana chache. Ukivipuuza, ndivyo vinavyokupeleka kwenye gharama ya injini.

Mfano tutakaotumia zaidi hapa ni Toyota ndogo zenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu: IST ya toleo la kwanza, Probox, Raum na Spacio za toleo la pili. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata ile iliyotoka kiwandani mwishoni kabisa tayari ni gari la makamo. Kama una Nissan, Mazda au Suzuki, mantiki ni ile ile, isipokuwa mahali kifaa kilipokaa.

Kwa nini mpira unachoka

Sili na gasketi nyingi za injini ni za mpira uliotengenezwa kustahimili oili na joto. Ikiwa mpya, ni laini, na ukiibana kati ya vyuma viwili inajaza nafasi yote. Joto la miaka linaikausha. Inakuwa ngumu kama plastiki, na umbo lake linabaki lile la kubanwa, yaani haisukumi tena kurudi. Hapo chuma kikitanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, mpira haukifuati. Oili inapata njia.

Ndiyo maana gari lililokaa bandarini au uani muda mrefu bila kuwashwa linaweza kuvuja hata kama kilomita zake ni chache. Umri wa mpira hauhesabiwi kwa kilomita peke yake.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama oringi uliyoitoa imekufa. Itazame pembeni. Mpya ni ya duara ukiikata, iliyochoka imekuwa bapa upande mmoja. Ibonyeze kwa ukucha: kama ukucha hauachi hata alama, imekwisha. Nyingine zinakatika ukizikunja kidogo tu, na hapo huna haja ya kipimo kingine.

Kwanza jua kinachovuja ni nini, na kinatoka wapi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Mtu anaona oili chini ya injini, anabadilishiwa gasketi ya sampu, wiki moja baadaye doa limerudi. Oili hutiririka kwenda chini, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Mahali inapodondokea ni mwisho wa safari yake. Chanzo mara nyingi kiko juu zaidi.

Lala na kadibodi. Tandika boksi lililofunguliwa chini ya gari usiku, asubuhi usome. Kahawia au nyeusi na inateleza ni oili ya injini. Nyekundu inayoteleza mara nyingi ni oili ya giaboksi ya otomatiki au ya pawa stelingi. Ya waridi, kijani au nyekundu lakini nyepesi kama maji, na inaacha ukoko ikikauka, ni kulanti. Maji safi yasiyo na rangi wala utelezi, hasa ulipokuwa umewasha kiyoyozi, ni ya kawaida kabisa, usimsumbue mtu.

Halafu safisha injini. Si lazima kwa mashine ya presha, na kwa kweli presha kubwa juu ya koili na soketi za waya inaleta matatizo mapya. Tumia brashi, kitambaa na dawa ya kuondoa oili, injini ikiwa imepoa. Tembelea gari siku moja au mbili, kisha fungua boneti na tochi ya simu na utafute sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Hapo ndipo pa kuanzia. Piga picha kabla na baada ya kusafisha. Ukienda kwa fundi ukiwa na picha, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kifuniko cha rejeta, kidogo kinachoua hedi

Tuanze na hiki kwa sababu hasara yake ni kubwa kuliko vyote, na ndicho watu wanachokidharau zaidi. Wengi wanadhani kazi yake ni kuziba maji yasimwagike. Kazi yake hasa ni kutunza presha.

Ukikigeuza utaona raba pana na springi, na katikati kuna kivali kidogo. Springi inashikilia presha ndani ya mfumo. Juu ya kifuniko kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni kilo kwa sentimita ya mraba, presha ambayo kifuniko kinaifikia kabla ya kufunguka. Maji yakiwa usawa wa bahari, bila presha, yanachemka kwa nyuzi 100. Ukiyafungia kwenye kifuniko cha 0.9 yanavumilia mpaka karibu nyuzi 118, na kwenye cha 1.1 mpaka kama 121. Ukichanganya na kulanti sahihi yanavumilia zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayokuvusha kwenye foleni ya mchana Dar, feni ikizunguka na gari halisogei.

Sasa raba ikikatika au springi ikilegea, presha haijengeki. Maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, yanafurika na kumwagika. Wewe unaona maji yanapungua na unadhani kuna tundu. Unajaza. Siku moja unasahau kujaza, gari linachemsha, na silinda hedi ya aluminiamu inapinda. Kuanzia hapo unazungumzia kupeleka hedi kuchongwa, hedi gasketi mpya, labda na bolti zake. Yote hayo kwa kifuniko.

Wanaokaa nyanda za juu wana sababu ya ziada ya kukiangalia. Mbeya au Njombe maji ya sufuria yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Kifuniko kile kile kikiwa kizima kinakupa nyuzi pungufu kuliko kinavyokupa Tanga. Ukipanda Kitonga na mzigo kwa kifuniko kibovu, huna akiba yoyote.

Kile kivali kidogo cha katikati nacho kina kazi. Injini ikipoa, maji yanasinyaa, na kivali kinafunguka kuyavuta tena kutoka kwenye chupa ya akiba. Kikiganda, asubuhi utakuta hozi ya juu ya rejeta imenywea kama imenyonywa. Dalili nyingine ni chupa ambayo kina chake kinapanda kila siku na hakishuki, huku rejeta yenyewe ikipungua.

Kukibadili ni kazi ya dakika moja, lakini kwa masharti. Injini lazima iwe imepoa kabisa, sio "imepoa kidogo". Ukifungua kifuniko cha moto, presha inatoka ghafla, maji yaliyokuwa yamezuiwa kuchemka yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni na kifuani. Watu wanaungua vibaya kwa namna hii, na kitambaa mkononi hakikuokoi. Shika hozi ya juu kwanza: kama bado ni ya moto au imejaa ngumu, subiri.

Kabla ya kufunga kipya, futa mdomo wa rejeta. Kwenye gari lililotumia maji ya bomba kwa miaka utakuta chumvi na kutu vimeganda pale raba inapokaa, na raba mpya juu ya uchafu huo haitaziba. Angalia pia kama mdomo umechubuka au plastiki ina ufa.

Namba ifuate ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha asili au kwenye kitabu cha gari, wala usiongeze. Kuna ushauri unaozunguka mtaani kwamba ukiweka kifuniko cha presha kubwa gari halichemshi. Gari lenye rejeta na hozi za miaka 20 likipewa presha zaidi litapasuka sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, na utaijua ukiwa njiani. Kwenye magari mengi ya Ulaya kifuniko cha presha kiko kwenye tangi la akiba lenyewe. Kanuni haibadiliki.

Jambo moja zaidi: Vitz, Passo na nyinginezo ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikizidi. Ile nyekundu ikiwaka, umeshachelewa. Simama, zima gari.

Kifuniko cha oili, kijiti, na washa

Hivi ni vya haraka. Kifuniko cha kujazia oili kina raba ya duara. Ikikauka, utaona unyevu na vumbi vimegandana kukizunguka, na oili inatambaa juu ya tapeti kava. Watu wengi wanabadilishiwa gasketi nzima ya tapeti kava kwa kosa la raba hii. Baadhi ya maduka yanauza raba peke yake, mengine yanauza kifuniko kizima.

Ukikigeuza kifuniko hicho ukakuta utando wa rangi ya maziwa, usipige kelele bado. Kwenye gari la safari fupi fupi, hasa sehemu za baridi, ni mvuke uliogeuka maji na kuchanganyika na oili. Lifanyie safari ndefu, futa, angalia tena. Lakini kama oili kwenye kijiti nayo imekuwa ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, hapo ni hedi gasketi au kitu cha kufanana nayo. Usiendelee kuliendesha.

Kijiti cha kupimia oili kina oringi au raba karibu na mpini wake. Ikiwa imelegea, oili inarushwa juu na kuchafua upande mzima. Washa ya bolti ya kumwagia oili ni ya kubadilishwa kila unapomwaga oili, ingawa gereji nyingi zinairudisha ile ile na kufidia kwa kukaza zaidi. Kukaza huko ndiko kunakoua nyuzi za sampu. Na kwenye filta ya oili, hakikisha raba ya filta ya zamani imetoka nayo. Ikibaki imeganda kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, raba mbili zikiwa pamoja zinaweza kuchomoka gari likiwa barabarani, na oili yote ikaisha ndani ya dakika chache.

Vali ya PCV: usibadili sili kabla hujaiangalia

Hii ni sehemu ambayo, kwa maoni yangu, inatenganisha fundi anayefikiri na anayebadilisha tu vifaa.

Injini yoyote hupitisha kiasi kidogo cha gesi kutoka kwenye silinda kwenda chini, kupita kwenye ringi za pistoni. Injini ikizeeka kiasi hicho kinaongezeka. Gesi hizo zikikaa zinajenga presha, kwa hiyo kuna vali ndogo, inaitwa PCV, inayoziruhusu kuvutwa kurudi kwenye njia ya hewa zikachomwe. Kwenye 1NZ-FE imefungwa kwenye tapeti kava na ina hozi fupi. Ikiziba kwa masizi ya oili, presha inatafuta njia nyingine ya kutoka. Njia hiyo ni sili zako.

Unaweza kufunga gasketi mpya ya gharama zote, na kama PCV imeziba, uvujaji utarudi. Au utahamia sehemu nyingine iliyokuwa nzima.

Kipimo cha nyumbani: washa gari, liache mlio wa chini, fungua kifuniko cha oili kwa uangalifu na uweke kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa taratibu au ikitulia, hewa inapita vizuri. Ikirushwa juu na moshi unapumua kutoka ndani, kuna presha. Matone machache ya oili yanaweza kuruka, kaa mbali kidogo na uvae nguo ya kazi.

Kisha zima, chomoa vali yenyewe. Ukiitikisa, nyingi zinalia kama kuna kokoto ndani. Iliyokaa kimya huenda imeganda. Ipulizie hewa kwa mpira mdogo, usiweke mdomo moja kwa moja, kwa sababu uchafu wa ndani si wa kuvuta. Kutoka upande wa injini hewa ipite kirahisi, kutoka upande wa pili ipite kwa shida. Kama inapita sawa pande zote, au haipiti kabisa, nunua mpya. Angalia na hozi yake, mara nyingi imepasuka kwenye kona.

Ukibadili PCV na karatasi bado inarushwa kwa nguvu, basi ringi zimechoka. Gasketi mpya itakusaidia kwa muda, jua hivyo kabla ya kulipa.

Gasketi ya tapeti kava

Hii ndiyo inayovuja zaidi kwenye magari ya umri huu, na ndiyo yenye hatari ya kweli. Oili ikishuka upande wa ekzosi inadondokea chuma cha moto sana. Mwanzo ni harufu na moshi mwembamba kwenye foleni. Ikiwa nyingi, inaweza kushika moto. Kama unanusa oili inayoungua ndani ya gari, hili si la kungoja mshahara.

Dalili ya pili imejificha. Chomoa koili moja ya plagi na uangalie ncha yake. Ikitoka imelowa oili, sili za mashimo ya plagi zimekufa. Oili hiyo inaharibu mpira wa koili, na injini inaanza kumisi. Watu wananunua koili nne kwa tatizo la raba. Kwenye injini nyingine sili hizi zimeungana na gasketi kubwa, kwenye nyingine ni ringi nne za kujitegemea zilizobanwa kwenye kava. Uliza kabla ya kununua, la sivyo utarudi dukani.

Kazi yenyewe inataka injini baridi, soketi namba 10, vitambaa safi na saa mbili za utulivu. Pulizia vumbi na mchanga kwanza, kwa sababu ukishafungua, kila kitu kinachoanguka kinaingia kwenye injini. Chomoa soketi za koili, toa koili na uzipange kwa mpangilio wake. Ikiwa kuna oili kwenye mashimo, inyonye kwa kitambaa au bomba la sindano kabla hujagusa plagi. Ukifungua plagi kwanza, oili yote inaingia kwenye silinda.

Toa hozi za hewa na ya PCV taratibu, plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti. Fungua bolti zote kidogo kidogo, kisha nyanyua kava moja kwa moja juu. Ikigoma, igonge pembeni kwa kipande cha mbao au nyundo ya mpira. Usichokonoe na bisibisi kwenye maungio: mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu ni njia mpya ya oili ambayo gasketi haitaziba.

Usafi ndio nusu ya kazi. Gasketi ya zamani itoke yote, na mabaki ya silikoni yatolewe kwa kikwangulio cha plastiki. Futa mfereji wa kava na uso wa hedi mpaka kitambaa kitoke kikavu. Gasketi mpya inakaa kwenye mfereji ikiwa kavu.

Hapa tunafika kwenye mgogoro wa kudumu kati ya wenye magari na mafundi: silikoni. Kuna fundi ambaye kwake kila gasketi lazima ipakwe silikoni kuizunguka yote, na kuna anayeiacha kabisa gasketi na kutumia silikoni peke yake. Inaziba, ndiyo. Lakini inayobanwa kutoka nje unaiona, inayobanwa kwenda ndani huioni. Inakatika vipande, inashuka kwenye sampu na kunaswa kwenye chujio la pampu ya oili. Pampu ikikosa oili, injini inakufa kwa kukauka, na hakuna atakayekumbuka ilianza na gasketi ya tapeti kava.

Silikoni ina mahali pake. Kwenye injini nyingi za Toyota zenye cheni ni sehemu mbili tu, pale kava ya cheni inapokutana na hedi, kwa kuwa kuna kijinafasi kwenye maungio. Tone dogo kila upande linatosha. Funga kava mara moja kabla haijaanza kukauka, na usiwashe gari mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu uishe.

Kukaza: anza katikati ukielekea nje, kwa mizunguko miwili au mitatu. Nguvu inayotakiwa kwenye bolti hizi ni ndogo, karibu nyutoni mita 10 kwa injini nyingi ndogo. Hiyo ni kama mzigo wa kilo 10 ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Mkono wa fundi aliyezoea matairi unapita hapo bila yeye kujua, na bolti inakatika ndani ya hedi. Kama huna spana ya kupimia nguvu, azima.

Oringi ndogo unazoweza kuzisahau

Kwenye 1NZ-FE kuna vali ya umeme ya VVT-i mbele ya hedi, upande wa cheni, nayo imezibwa kwa oringi. Ikivuja, oili inashuka mbele ya injini na kila mtu anailaumu sili ya mbele ya krenki. Ni bolti moja na soketi ya waya. Paka oringi mpya oili safi kidogo kabla ya kuisukuma ndani, ikiingia kavu inajikunja na kukatika.

Wenye Corolla za zamani zaidi, za miaka ya 1990 zenye injini kama 5A-FE, wana disibuta. Hiyo ina oringi pale inapoingia kwenye hedi, na ina kifuniko chake. Kabla ya kuitoa, chora alama kwenye disibuta na kwenye hedi ili irudi pale pale, vinginevyo taimingi ya moto inahama. Kifuniko chake ukikikuta na ufa mwembamba au vidole vya ndani vimeliwa na kuwa vyeupe, badili. Ufa huo ndio unaofanya gari ligome kuwaka asubuhi ya mvua. Toa waya mmoja mmoja na kuuhamishia kwenye kifuniko kipya. Ukizitoa zote kwa pamoja utaanza kubahatisha.

Oringi za injekta ni habari nyingine. Zinazuia petroli yenye presha. Usikubali oringi ya fundi bomba eti kwa sababu inaenea. Mpira usio wa petroli unavimba na kulainika, na petroli juu ya injini ya moto haina mjadala. Kama hujawahi kushusha presha ya mfumo wa petroli, mwachie fundi.

Sili ambazo sio za kujaribu uani

Sili ya nyuma ya krenki iko kati ya injini na giaboksi. Yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuifikia ni lazima giaboksi ishuke. Kwa hiyo, ukiambiwa ndiyo inayovuja, dai kwanza tapeti kava iondolewe kwenye orodha ya washukiwa, maana oili yake hushuka kwa nyuma na kudondokea pale pale. Kama gari ni la manyo na klachi inakaribia kuisha, fanya vyote siku moja, ulipe kushusha giaboksi mara moja.

Sili za kamshafti zipo kwenye injini za mkanda, na wakati wake ni siku ya kubadili mkanda wa taimingi.

Sili za vali nazo zinahitaji maelezo, kwa kuwa zinatumika sana kuwauzia watu injini. Ukiwasha gari asubuhi likatoa moshi wa bluu kwa muda mfupi kisha ukaisha, sili za vali ndizo mshukiwa wa kwanza. Moshi wa bluu unaoendelea kila ukikanyaga mafuta unaelekeza kwenye ringi. Fundi mwenye vifaa anaweza kubadili sili za vali bila kutoa hedi, kwa kujaza silinda hewa ya presha ili vali zisidondoke. Kwa hiyo ukisikia "hizi mpaka injini ishuke", muulize kwa nini. Pengine ana sababu nzuri, na atakueleza.

Dukani

Nenda na namba ya chesisi na kifaa cha zamani mkononi. IST peke yake ina NCP60 yenye injini ya 1,300 na NCP61 ya 1,500, na muuzaji akiuliza "ya IST?" hiyo haitoshi. Oringi ipimwe unene na kipenyo cha ndani. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuvuja. Kumbuka ya zamani imeshabanwa, ni nyembamba kuliko ilivyozaliwa.

Spea za mtumba zina nafasi yake, taa, milango, hata koili. Sili na gasketi za mtumba hapana, kwa bei yoyote. Pia kagua mpya: mpira ulionyooka, usio na mabaki ya kingo kutoka kwenye kalibu, unaokunjika bila kupasuka. Boksi lenye nembo nzuri si ushahidi. Iliyokaa kwenye dirisha la duka ikipigwa jua mwaka mzima imeshaanza kuzeeka kabla hujailipia.

Dawa za kumimina kwenye oili ili kuzuia kuvuja kazi yake ni kuvimbisha mpira uliokauka. Kwa tone dogo linaweza kukusogeza mpaka mwisho wa mwezi. Mpira uliokatika hauna dawa.

Ukimaliza kazi, washa gari, liache lipate joto huku umeshika tochi, na uangalie maungio yote. Moshi wa dakika chache za mwanzo ni oili ya zamani inayoungua kwenye ekzosi, utaisha. Pima oili na ujaze iliyopungua. Andika kilomita kwenye simu, na pima tena baada ya kilomita 200 gari likiwa sehemu tambarare. Bolti za tapeti kava usirudi kuzikaza eti kwa uhakika: nyingi zina bega linalogota kwenye chuma, na ukizidisha hapo unakata bolti huku gasketi haijaongezewa chochote.